Nani Atatuvusha? Historia ya Mitumbwi na Meli za Lualaba, Kindu

Kindu haina daraja. Mji mkuu wa Maniema umepasuliwa na mto Lualaba. Komini za Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa magharibi, pamoja na stesheni ya reli na uwanja wa ndege. Komini ya Alunguli iko ukingo wa mashariki, upande wa kuelekea Kalima na Bukavu. Anayetaka kwenda ng'ambo, awe mwanafunzi, gavana au mama mwenye beseni la samaki, sharti aketi chomboni. Ndivyo ilivyokuwa hata kabla mji haujakuwapo. Ukiisoma historia ya sehemu hii kwa kufuata watawala na majeshi utachanganyikiwa, maana walikuja wengi na kuondoka upesi. Ukiifuata kwa kumtazama mwenye mtumbwi, mambo yanakaa sawa.

Mto usiojua tanga

Msomaji wa Lamu au Unguja akisikia habari za safari ya chombo huwaza tanga, foromali na upepo wa kusi. Lualaba haiyajui hayo. Inatoka nyanda za juu za Katanga, inashika njia ya kaskazini kwa karibu kilomita 1,800, na ikishavuka maporomoko ya Boyoma huko Kisangani watu huiita Kongo. Katika mto huu anayesukuma chombo ni maji yenyewe. Ukishuka, yanakubeba, na kazi yako ni kuukwepa mwamba na mchanga. Ukipanda, unajibanza kandokando ya ukingo ambako mkondo umelegea, unachukua upondo badala ya kafi, na unahesabu siku.

Lakini mto hauachi chombo kiende moja kwa moja. Chini ya Kongolo unabanwa na miamba katika Milango ya Jehanamu. Kati ya Kasongo na Kindu kuna maporomoko mengine. Kutoka Kindu kwenda chini, kwa zaidi ya kilomita 300, unapanuka na kutulia hadi meli kubwa inapita, kisha unafika Ubundu, na hapo yanaanza maporomoko saba ya Boyoma ambayo chombo hakiwezi kuyashuka. Kindu basi iko kwenye ncha ya kusini ya kipande kirefu cha maji mazuri. Mji mwingine wowote wa Maniema ungeweza kujengwa mahali pengine. Huu haukuwa na pengine.

Wenye maji haya tangu zamani ni Wagenya. Nje ya Kongo wanajulikana kwa ule uvuvi wao wa Kisangani, wa kutega madema makubwa kwenye maporomoko kwa kutumia magogo na kamba. Lakini Wagenya walienea mbali zaidi kusini, hadi Nyangwe na kuvuka. Hawakuwa na himaya wala mfalme mmoja. Walichokuwa nacho ni mtumbwi wa gogo moja na ujuzi wa kusimama ndani yake na kupiga kafi ndefu bila kuyumba. Watu wa bara, Wakusu upande mmoja na Warega upande mwingine, walilima na kuwinda. Mgenya alivua, na alivusha. Siku za soko wanawake walivuka na samaki, vyungu, chumvi, mafuta ya mawese, mihogo na kuku, wakabadilishana hadi jua lilipokuwa kali, kisha wakarudi kwao. Uhasama wa wanaume haukuzuia soko.

Wageni watatu na swali moja, 1871–1876

Mwishoni mwa miaka ya 1860 wafanyabiashara kutoka pwani, Waarabu na waungwana, walifika Nyangwe, ukingo wa mashariki wa Lualaba, kusini ya Kindu ya leo. Wengi wao walizaliwa karibu na bahari, na huko Ziwa Tanganyika wenzao walikuwa na mashua za tanga zilizovuka kutoka Ujiji. Lualaba hawakuunda kitu. Waliweka mashamba ya mpunga, wakajenga nyumba za udongo zenye baraza, wakaleta bunduki na Kiswahili. Kuvuka waliwategemea Wagenya.

Mwisho wa Machi 1871 akafika David Livingstone, mgonjwa, bila meno mengi, akiwa na wafuasi wachache wasiomtii. Alitaka kujua kama mto huu ndio chanzo cha Nili. Jibu lingepatikana kwa kuufuata tu, na kuufuata kulihitaji mitumbwi. Alingoja Nyangwe karibu miezi minne akiomba kuuziwa. Hakuuziwa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba mzungu huyu hataki watumwa wala pembe, anataka chombo cha kwenda kuua watu. Wagenya walikuwa wameshajifunza kwamba mtumbwi ukishaingia mikononi mwa mwenye bunduki, kijiji cha ng'ambo hakilali tena. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba Wagenya hawakumwelewa Livingstone. Kwa maoni yangu, walikuwa wamewaelewa wageni wote kwa jumla, naye akalipia makosa ya wenzake.

Na hawakukosea. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko, watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika Nyangwe, wengi wao wanawake. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe bin Habib walianza kupiga bunduki katikati ya soko. Umati ulikimbilia mitumbwi iliyofungwa kwenye hori. Hori lilikuwa jembamba, mitumbwi ikasongamana, wengine wakasahau makafi yao, na waliojitosa mtoni wakaogelea kuelekea kisiwa wakipambana na mkondo. Mtumbwi mmoja baada ya mwingine ulizama kwa wingi wa watu. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliyaandika haya juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda, maana karatasi zilimwishia. Habari hizo zilipofika Uingereza zilitia nguvu shinikizo dhidi ya Unguja, na Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hivyo soko la ukingo wa Lualaba liliyagusa mambo ya Unguja, ingawa waliokufa hawakufaidi lolote.

Agosti 1874 alikuja Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la maji la Uingereza. Naye alitaka mitumbwi ya kushuka mto, naye akakosa. Alivushwa tu, akaongozana kwa muda na Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kisha akakata bara kwa miguu hadi akatokea Benguela, pwani ya Angola, mwaka uliofuata. Baharia wa kweli alifika kwenye mto mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Kati, na akaondoka akitembea.

Wa tatu ni Henry Morton Stanley, aliyefika Oktoba 1876 kwa gharama za magazeti mawili, The Daily Telegraph la London na New York Herald. Huyu alikuja na boti yake mwenyewe, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vya kufungua na kubebwa vichwani mwa wapagazi. Alimwahidi Tippu Tip dola 5,000 amsindikize marhala 60, na Novemba wakatoka Nyangwe kwa pamoja. Siku za mwanzo walipita msituni, kwenye matope na giza, hadi wapagazi wakakaribia kugoma. Tarehe 19 Novemba walitokea ukingoni, Stanley akaunganisha vipande vya boti yake, na mazungumzo na Wagenya yakaanza. Simbi zilitolewa, uchale ukachanjwa, mitego ikategwa. Mwishoni msafara ulivuka kwenda upande wa magharibi.

Kuanzia hapo waligawanyika: wengine juu ya maji, wengine na Tippu Tip wakitembea ukingoni. Ndui ilikuwa inawaua wasafiri. Walipoikuta mitumbwi sita mibovu iliyotelekezwa, waliitengeneza na kuifunga pamoja, wakaifanya hospitali ya kuelea. Sehemu hiyo ya mto, kati ya Nyangwe na kijiji alichokiita Vinya-Njara, ndiyo ilipo Kindu leo. Hapo Vinya-Njara, baada ya siku za mapigano, Stanley alilipata alilolikosa Livingstone, na njia aliyoitumia ni wizi. Usiku, yeye na Frank Pocock walikwenda kisiwani na kuikata kamba mitumbwi ya wenyeji, zaidi ya 30. Asubuhi wenye mitumbwi walikuwa hawana mitumbwi, ikabidi wapatane. Alirudisha mingine, akabaki na mingine. Tarehe 28 Desemba 1876 aliagana na Tippu Tip na kushuka mto na watu wasiofika 150. Agosti 1877 alifika Boma, karibu na bahari ya Atlantiki. Pocock hakufika, alizama Juni kwenye maporomoko ya chini. Tippu Tip, katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, analalamika kwamba Stanley hakumtimizia aliyomwahidi.

Vita vya mwaka 1893

Baada ya Stanley mto haukuwa na siri tena. Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake, na watu wa pwani wakashuka na mto, wakaweka vituo Riba Riba, ambayo baadaye iliitwa Lokandu, na Kirundu, kwa Kibonge, hadi maporomoko ya Boyoma. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls, yaani Boyoma, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kumwondoa. Tippu Tip aliliona giza linakuja, na 1890 akashika njia ya kurudi Unguja. Alimwacha mwanawe Sefu akabiliane nalo.

Vita kati ya Dola Huru ya Kongo, dola ya Leopold, na watu wa pwani vilianza 1892. Mwisho wa Januari 1893 jeshi la dola chini ya Francis Dhanis, lenye askari Wahausa na maelfu ya wapiganaji wa chifu Ngongo Lutete, lilifika ukingo wa magharibi. Nyangwe ilionekana ng'ambo, waziwazi, na haikufikika. Kwa wiki kadhaa pande mbili zilipigiana bunduki juu ya maji. Kilichokata shauri ni Wagenya. Walileta mitumbwi yao, na tarehe 4 Machi 1893 jeshi likavuka, Nyangwe ikaanguka. Kasongo ilifuata tarehe 22 Aprili. Sefu aliuawa Oktoba, na mwanzoni mwa 1894 Rumaliza, mkubwa mwingine wa watu wa pwani, alishindwa.

Kwa nini Wagenya walivusha safari hii, ilhali miaka 22 nyuma walikataa? Hakuna haja ya kutafuta mbali. Walioliona soko la 1871 walikuwa bado hai. Lakini bei ya uamuzi ule ilikuwa ghali. Mwenye mtumbwi aliyemkataa mwungwana aliweza kukimbilia ng'ambo. Aliyemkataa Mbelgiji alikuta pande zote mbili ni za Mbelgiji. Kabla ya reli, shehena za dola kati ya Stanley Falls na Nyangwe zilisafiri kwa mitumbwi, na wapiga kafi walitakiwa watoke, wapende wasipende.

Reli inazaa mji, 1902–1911

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, CFL. Nyuma yake alikuwa Baron Édouard Empain, yule yule aliyejenga metro ya Paris na baadaye mji wa Heliopolis kando ya Kairo. Leopold aliipa kampuni hekta milioni nne za ardhi. Mpango wake ulikuwa mwepesi kuueleza: pale ambapo mto unapitika, pita mtoni, pale ambapo maporomoko yanazuia, jenga reli ya kuyazunguka.

Reli ya kwanza, kilomita 125 kutoka Stanleyville, Kisangani ya leo, hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, ilikamilika 1906. Ya pili ilianzia pale maji mazuri yalipokoma, yaani Kindu, ikaenda kusini kilomita 355 hadi Kongolo. Kufikia 1911 treni zilikuwa zinapita. Mwaka 1915 tawi la mashariki, kutoka Kabalo, lilifika Ziwa Tanganyika. Udongo wa reli hizi ulichimbwa kwa jembe na kubebwa kwa vikapu, na waliochimba wengi hawakuja kwa hiari.

Kwenye ramani za kikoloni mji uliandikwa Kindu-Port-Empain, na jina hilo lilisema kweli, kwani ilikuwa bandari kwanza, mji baadaye. Msafiri wa kutoka Stanleyville kwenda Katanga alipanda treni hadi Ponthierville, akashuka, akapanda meli hadi Kindu, akashuka, akapanda treni hadi Kongolo, akashuka tena, akapanda meli kuelekea Kabalo na Bukama. Kila aliposhuka, mzigo wake ulishushwa na kupandishwa na mtu. Mitaa ya Kindu ilikua kwa kazi hiyo: wachukuzi wa bandari, makarani, mafundi wa karakana, wakata kuni za meli, wapishi, wauza pombe. Walitoka makabila mbalimbali, na lugha iliyowaunganisha ni ile waliyoiacha watu wa Nyangwe na Kasongo. Aliyeshindwa vitani aliacha Kiswahili na mpunga, na vyote viwili havijaondoka Maniema hadi leo.

Miaka ya stima

Kwa nusu karne meli za CFL zilitawala maji kati ya Ponthierville na Kindu. Katika miaka ya 1930 bati la Kalima lilianza kuchimbwa na kampuni ya Symétain, likawa linavushwa Alunguli ili lishike treni. Hakuna aliyejenga daraja, hata wakati fedha zilipokuwepo. Kongolo ilipata lake, Kindu haikupata.

Mtumbwi haukufa. Ulirudi kwenye kazi ndogo: kuvua, kuvusha watu wa kawaida, kuuza kuku na ndizi kwa abiria waliokuwa sitahani. Meli ilikuwa na ratiba na tiketi, na abiria wake walitengwa kwa rangi. Mtumbwi haukuwa na lolote kati ya hayo.

Nitaje hapa jambo moja la pembeni, kwa kuwa ndiyo sura ya mito hii iliyosambaa zaidi duniani. Mwaka 1951 John Huston alileta Kongo kamera zake na waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga filamu ya The African Queen. Hadithi yenyewe inahusu Afrika Mashariki ya Wajerumani, lakini sehemu ya maji yanayoonekana ni ya mto Ruiki, tawi la Lualaba, eneo la Ponthierville. Mamilioni waliutazama mto huo na kuamini wanautazama mwingine.

Uhuru na damu, 1960–1964

Uhuru ulipokuja tarehe 30 Juni 1960, Kindu ilikuwa mji wa chama cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, na kuuawa kwake Januari 1961 kuliutia mji msiba na hasira. Tarehe 11 Novemba 1961 Waitaliano 13, wanahewa wa Umoja wa Mataifa waliotua na ndege mbili za shehena, walikamatwa na askari walioasi wakauawa. Julai 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na wengi waliohesabiwa kuwa wasomi au watu wa serikali waliuawa hadharani. Tarehe 5 Novemba mwaka huo mamluki na jeshi la serikali waliurudisha kwa mabavu, na wao pia hawakuwa na huruma. Jina la Empain liliondolewa. Mji ukabaki Kindu.

Meli zinaoza

Mwaka 1974 reli na meli za CFL ziliingizwa katika shirika moja la taifa, SNCZ, leo SNCC. Mwaka ule ule bei ya shaba duniani ilianza kuporomoka, na Zaire nzima, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliegemea shaba. Yaliyofuata hayakutokea siku moja. Injini moja iliharibika, kipuri hakikuja, ikatolewa kipuri kwenye injini ya pili, na mwaka uliofuata zote mbili hazikufanya kazi. Boya za kuonyesha njia mtoni hazikurudishwa zilipochukuliwa na maji. Barabara zilimezwa na msitu. Mwaka 1988 Maniema ilitengwa na Kivu ikawa mkoa wenyewe, na Kindu ikawa makao makuu, cheo kilichokuja wakati njia za kuufikia mji zinafungwa.

Mtumbwi ukarudi kazini, safari hii ukiwa na mota ya nyuma, au ukiwa umebadilishwa kuwa balenyeri, chombo kirefu cha mbao kilichoungwa kwa misumari na kuzibwa nyufa.

Vita viliwakuta watu katika hali hiyo. Mwanzoni mwa 1997 wakimbizi wa Rwanda, waliofukuzwa kutoka kambi ya Tingi-Tingi karibu na Lubutu, walifika Ubundu na kukuta mto mbele yao na majeshi ya waasi wa AFDL nyuma yao. Waliopata mitumbwi walivuka. Wengi walizama.

Oktoba 1998 Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda. Treni ya Katanga ikasimama. Wanamgambo wa Mai-Mai waliuzingira mji, na kwenda shambani, hasa ng'ambo, kukawa sawa na kucheza na kifo. Njaa iliingia katika mji uliozungukwa na mashamba ya mpunga. Chumvi, sabuni na nguo zilikuja kwa ndege kwa bei ya ndege, au kwa baiskeli zilizosukumwa kwa wiki nzima na zaidi kwenye vijia vya msituni. Septemba 2002 Wanyarwanda waliondoka, baada ya mapatano ya Pretoria, na mwaka uliofuata serikali ya mpito iliundwa Kinshasa.

Mto unafunguka

Mwaka 2004 treni ya kutoka Lubumbashi iliingia tena Kindu, baada ya miaka sita. Wanamaji wa Uruguay, waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa, walikuwa wanalinda doria mtoni. Mwaka huo huo alipita mwandishi Mwingereza Tim Butcher, wa The Daily Telegraph, gazeti lile lile lililomlipa Stanley, akiifuata njia ya mtangulizi wake. Kutoka Kindu alibebwa kipande cha njia na boti ya Wauruguay, na kipande kingine akakaa ndani ya mtumbwi wa kupigwa kafi hadi Ubundu. Kitabu chake, Blood River, kilitoka 2007. Miaka 128 baada ya Stanley mzungu wa Telegraph hakuja na boti ya vipande. Alikodi, akalipa, akakaa alipoambiwa akae.

Tangu hapo safari ya Kindu hadi Ubundu imekuwa tena ya watu wote, na wengi hawasafiri peke yao. Vijana wanaokwenda kusoma Kisangani hujikusanya wanne au watano, kina mama wafanyabiashara huungana kwa mtaa au kwa kanisa, wakachangia chakula na kulindiana mizigo. Usalama wa mwanamke mwenye fedha kiunoni ni mwenzake aliye macho. Anayeandaa safari huzungumza na nahodha siku kadhaa kabla, kwa adabu, ana kwa ana, maana nahodha ndiye atakayeamua nani akae karibu na mota na nani akae juu ya magunia. Hubebwa mchele, chikwanga, sufuria moja, turubai la mvua na madumu matupu ya mafuta. Madumu hayo ni ya kujishikilia chombo kikipinduka, kwani majaketi ya kuokolea, ambayo sheria inayataka, mara nyingi hayatoshi.

Serikali imekataza mara nyingi kusafiri mtoni usiku, na mara nyingi imepuuzwa. Mchana nahodha huusoma mto kwa macho: maji yanapokunjana pana mwamba chini, yanapong'aa bila mkunjo pana mchanga. Usiku hana cha kusoma, na boya za zamani hazipo. Ajali nyingi za mito ya Kongo ambazo hutangazwa redioni zina sababu zile zile tatu: usiku, mzigo uliozidi, na upepo wa mvua uliokuja ghafla. Abiria anayejua hukataa kuondoka jioni. Abiria mwenye haraka humcheka, na nahodha husikiliza walio wengi.

Kutoka kituo hadi kituo, mito ya mashariki huingia mmoja mmoja, Elila, Ulindi, Lowa, na kila panapoingia mto pana kijiji. Vijana wa kijiji hutoka na mitumbwi midogo, wakajishikiza ubavuni mwa balenyeri ikiwa inakwenda, wakauza samaki wa moshi, ndizi na mafuta ya mawese, kisha wakaachia na kurudi kwao. Biashara hiyo hiyo ilifanyika ubavuni mwa meli za CFL, na kabla yake kwa misafara ya waungwana. Bei tu ndiyo inayobadilika, na mwenye kafi anajua kwamba mwenye njaa yuko kwenye chombo kikubwa.

Ubundu wote hushuka. Reli ya 1906 bado iko, ingawa treni hupita kwa nadra, kwa hiyo abiria hugeukia vijana wa pikipiki kwa zile kilomita 125 za mwisho. Mazungumzo huanza upya: mtu mmoja na begi ni kiasi gani, watu wawili na gunia ni kiasi gani, na kivuko cha mbele kikiwa kimeharibika nani atalipa mtumbwi. Kina mama wa Kindu, wenye uzoefu, hawaendi kwa wa kwanza anayeita. Hukaa juu ya mizigo yao, wanapika, na wanangoja vijana wale waanze kushindana bei.